Mikono ya Zambarau

Ulimwita nani, Bwana? Mimi, Agata Dück,
muosha masufuria wa kantini ya mgodi wa saba,
mjane mwenye kigugumizi cha herufi B.
Jina lako lenyewe hunitoka vipande vipande.

Karaganda, Januari. Theluji imefika madirishani,
moshi wa makaa umeipaka weusi kabla haijatua.
Usiku, blanketi limezibwa dirishani, mimi na Justina
tunachemsha gundi ya mifupa na glisarini,
tunaimwaga kwenye sinia la kuokea mikate.
Ikiganda tunalaza juu yake ukurasa wa wino wa zambarau,
tunabandua,
na karatasi moja inazaa hamsini.
Ya hamsini hufifia kama sauti ya mgonjwa,
lakini mwenye njaa haulizi mkate umeungua wapi.

Wino hautoki. Nimesugua kwa majivu, kwa siki, kwa mchanga.
Nikaenda kazini na glavu, wenzangu wakacheka:
Agata siku hizi ni bibi wa mjini.
Nikasali wino ufutike.
Ulinyamaza.
(Sikukulaumu siku ile. Nilikulaumu baadaye, nitafika huko.)

Walinichukua Alhamisi, aproni ikiwa bado imelowa.
Luteni Kozhin alikuwa kijana, midomo imepasuka kwa baridi.
Nilikuwa nimejiandaa! Wiki tatu nimepanga maneno,
hoja ya kwanza, hoja ya pili, kama vijiko kwenye droo.
"Vua glavu."
Droo ikachomoka, vijiko vyote chini.

Nikaweka mikono mezani,
zambarau hadi kwenye vifundo,
kama mtu aliyekamua zabibu
katika nchi isiyo na mzabibu hata mmoja.
"Nani amekutuma?"
B, nikasema. B. B.
Karani akaacha kupiga taipu.
B.
Lo, si ungechagua mwenye ulimi!
Nimekwama mlangoni mwa jina lako
kama ng'ombe mwenye mimba kwenye mlango wa zizi,
na katika kukwama kule, sijui nieleze vipi,
hofu ilichoka kabla yangu.
Ikakaa chini. Mimi nikabaki nimesimama.
"Bwana," nikasema. Mara moja, laini kabisa.
"Ndiye aliyenituma. Na wewe anakujua, Luteni."

Sikuongeza neno. Hakulia, hakupiga magoti;
visa vya namna hiyo huwapata wengine.
Aliandika, akakausha wino, akaita mlinzi.
Mahakama ikanipa miaka mitatu.

Kambini ndiko nilikokulaumu.
Nikishona magunia kwa vidole vilivyorudi rangi yake
(naam, sasa ulitoka, sasa, wakati haunifai kitu)
nilikuuliza: ungeufuta Januari, ungepungukiwa nini?
Sinia wamelichukua. Justina anatema damu.
Kazi yako imekufa, na mimi ndiye niliyeishika vibaya.

Hukujibu. Majira yakageuka, theluji ikawa tope.
Wakamleta Raushan, mwizi wa sukari kutoka Pavlodar,
mwenye matusi mengi na sala hata moja hana.
Kiatu chake kimetoboka; ndani amekunja karatasi
kuzuia maji. Akaitoa ikauke juu ya jiko.

Zambarau.

Mwandiko si wangu, wala si wa Justina.
Mtu nisiyemjua amenakili nakala ya nakala,
lakini mstari wa nne, neno rehema
limekosa herufi, ileile
niliyoiruka mimi usiku ule usingizi uliponizidi.

Nikashika ukingo wa jiko, likaniunguza, nisiachie.

"Unajua kusoma?" Raushan akauliza.
"Aliyenipa alisema ni barua. Hakusema ya nani."

Nikavuta pumzi.
B, nikaanza.
B.
Naye akavuta gogo, akakaa, akasubiri.